Chunusi au rozasia? Jinsi ya kuchagua na kutumia dawa ya uso ukiwa Mombasa

Mtu akiingia duka la dawa, iwe Mwembe Tayari, Kongowea au Likoni, akiwa na uso uliochafuka, mara nyingi huomba kitu kimoja tu: krimu ya chunusi. Anapewa tyubu, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza vipele vilianza lini, vinawasha au vinachoma, wala alikuwa akipaka nini kabla. Na hapo ndipo nyuso nyingi huharibika, kwa sababu si kila kipele cha uso ni chunusi, na dawa inayomtuliza mmoja yaweza kumuunguza mwingine.

Nimeyaandika majina ya dawa kama yanavyotamkwa. Ukiyasema hivyo kwenye kaunta, mfamasia atakuelewa.

Hatua ya 1: Jua kilichoko usoni

Osha uso kwa maji, ukaushe, subiri kidogo, kisha jiangalie kwenye kioo karibu na dirisha mchana. Taa ya chooni haitakuonyesha kitu.

Chunusi hujulikana kwa vichwa vyeusi na vichwa vyeupe, yaani vile vitundu vya ngozi vilivyozibwa na mafuta na ngozi iliyokufa. Katika tundu lililozibwa bakteria huzaliana, pakavimba, pakatunga usaha. Ukiona vichwa hivyo kwenye paji, pua, kidevu, mgongo au kifua, karibu hakika ni chunusi, hata kama umri wako ni 35. Wanawake wengi wazima huzipata kwenye taya na kidevu siku chache kabla ya hedhi.

Rozasia haina vichwa vyeusi. Hukaa katikati ya uso: mashavu, pua, paji na kidevu. Kwa kawaida huanza baada ya miaka 30. Kwa mtu mweupe uso huwa mwekundu na mishipa midogo ikaonekana. Kwa mtu wa maji ya kunde au mweusi, wekundu hujificha, na ndiyo maana wengi huambiwa kwa miaka kuwa wana chunusi au aleji. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake, sikiliza ngozi. Je, uso unapata moto ghafla ukinywa kahawa chungu, ukila pilipili au ukitoka juani? Je, karibu kila losheni inakuuma? Je, una vipele vigumu visivyoondoka, ngozi kavu iliyovimba kidogo, na macho yanayokwaruza kama yameingia mchanga? Hayo yakikusanyika, fikiria rozasia. Macho yakiwa yameguswa, daktari ayaone, kwa sababu rozasia ya macho ikiachwa yaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Kuna vitu viwili vingine vinavyochanganywa na chunusi hapa kwetu. Cha kwanza ni fangasi wa vitundu vya nywele, ambaye hupenda joto na jasho la mji huu: vipele vidogo vinavyolingana, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji, kifua na mgongo. Antibiotiki humwongezea nguvu. Inayotibu hapo ni ketokonazoli, si dawa ya chunusi. Cha pili ni vipele vya wembe shingoni na kwenye taya za wanaume. Hivyo hutokana na nywele zinazojikunja na kuchoma ngozi, na mwanzo wa tiba ni kuacha kunyoa hadi chini kabisa.

Piga picha ya uso leo, mahali pamoja na mwanga mmoja, kisha piga nyingine kila mwezi. Utaihitaji baadaye utakapohisi dawa haifanyi kazi.

Hatua ya 2: Angalia kama unapaka steroidi bila kujua

Hatua hii nakuomba usiiruke. Kama ningeruhusiwa kubakisha hatua moja tu ya mwongozo huu, ningebakisha hii.

Toa kila tyubu na kila kopo unalopaka usoni, pamoja na vile ulivyopewa na jirani au ulivyonunua sokoni vikiwa vimechanganywa kienyeji. Soma maandishi madogo. Ukiona betamethasoni, klobetasoli, beklomethasoni, mometasoni au fluosinoloni, hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe. Mara nyingi imo ndani ya ile krimu ya mchanganyiko wa mambo matatu: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi katika tyubu moja. Watu huipenda kwa sababu inafanya kazi haraka. Ndani ya siku tatu uso umelainika, umetulia, na hata umeng'aa kidogo. Kilichotokea ni kwamba steroidi imezima uvimbe na kubana mishipa ya damu. Ugonjwa wenyewe bado upo.

Ukiendelea kwa wiki na miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa hujitokeza, vinyweleo huota mashavuni, na vipele vipya hutoka kwa wingi. Ukiacha, uso unawaka na kuvimba, kwa hiyo unarudi kupaka. Mzunguko huo huzaa hali inayofanana kabisa na rozasia, iliyosababishwa na krimu yenyewe. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaofika hapo ni mabinti waliotaka tu uso safi kabla ya arusi.

Krimu za kujichubua zina hatari hiyo hiyo, na baadhi zimekutwa na zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na kuumiza figo. Kenya imeipiga marufuku zebaki katika vipodozi, lakini bado makopo yasiyo na orodha ya viambato huuzwa. Kopo lisilosema lina nini ndani, usilipake.

Kama umetumia steroidi usoni kwa wiki moja au mbili, acha. Kama ni miezi, usikate ghafla peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kushuka polepole, na mwambie ukweli wote kuhusu ulichopaka. Hawezi kukusaidia akikisia.

Hatua ya 3: Punguza kila kitu kwa wiki mbili

Kabla ya dawa, ipe ngozi nafasi ya kutulia. Sabuni ya uso isiyo kali mara mbili kwa siku, losheni nyepesi isiyo na marashi, na krimu ya kukinga jua asubuhi. Basi.

Sabuni ya kipande, ya kufulia au ya dawa, hukausha uso na kuzidisha muwasho. Nyumba nyingi za kisiwani na kule Kisauni hutumia maji ya kisima yenye chumvi; povu halikati vizuri na mabaki ya sabuni hubaki juu ya ngozi. Kama una maji matamu, yatunze yawe ya kusuuzia uso.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa mapishi. Usoni mwa mtu mwenye chunusi huziba vitundu, na yakishuka kutoka kwenye nywele huacha mstari wa vipele kwenye paji. Liwa na singo, vile vipodozi vya asili vya kusugulia, sina ugomvi navyo kwa ngozi isiyo na vipele, ila kusugua uso wenye usaha hupasua vipele na kuacha madoa. Mwenye rozasia asisuguliwe kabisa, na marashi yasikaribie mashavu yake. Ndimu na dawa ya meno usipake; zinaunguza.

Krimu ya kukinga jua iwe ya kipimo cha 30 (SPF 30) kwenda juu. Jua la kaskazi halikuoni huruma kwa kuwa wewe ni mweusi: rangi inakukinga na kuungua, lakini doa linaloachwa na chunusi hukolea zaidi likipigwa na jua. Kwa rozasia, chagua yenye zinki oksaidi. Ikikuacha mweupe kama uliyepaka unga, tafuta ile yenye rangi ya ngozi.

Hatua ya 4: Ikiwa ni chunusi, anza na dawa ya kupaka

Dawa mbili ndizo msingi: benzoili peroksaidi na adapalini.

Benzoili peroksaidi huua bakteria, na uzuri wake ni kwamba bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Hupatikana kwa nguvu ya 2.5%, 5% na 10%. Usivutwe na namba kubwa. Ile ya 2.5% hufanya kazi karibu sawa na ya 10%, na haikaushi ngozi sana kama hiyo. Paka asubuhi, tabaka jembamba, juu ya eneo lote linalotoa chunusi. Na tahadhari: inachujua nguo. Buibui jeusi litapata mabaka ya rangi ya kutu shingoni, na leso uliyojifuta itapauka. Tumia taulo jeupe na mto wa foronya nyeupe, na acha ikauke kabla ya kujitanda.

Adapalini ya 0.1% huzuia vitundu visizibwe, kwa hiyo hutibu hata chunusi ambazo bado hazijatokeza. Hupakwa usiku. Osha uso, ukaushe, subiri dakika 20, kisha toa kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kiasi hicho kinatosha uso mzima. Weka vinukta kwenye paji, mashavu na kidevu, sambaza, epuka macho, pembe za pua na midomo. Wiki mbili za mwanzo paka kila usiku wa tatu. Wiki mbili zinazofuata paka usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Baada ya hapo kila usiku, kama ngozi inaridhia. Ikibabuka, paka losheni kwanza kisha dawa juu yake. Nguvu inapungua kidogo lakini utaweza kuendelea, na kuendelea ndiko kunakoponya.

Tretinoini ni ndugu ya adapalini, mara nyingi kwa 0.025%. Mwanga huiharibu, kwa hiyo ni ya usiku tu, na usiipake wakati mmoja na benzoili peroksaidi. Zote mbili, adapalini na tretinoini, mjamzito au anayetafuta mimba hazimfai.

Mwezi wa kwanza uso waweza kuonekana mbaya kuliko ulivyoanza. Hapa ndipo watu wengi huacha na kurudi kwenye steroidi. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita. Dawa haiwezi kuirudisha nyuma. Pima kwa wiki 12. Ndiyo maana mwenye arusi baada ya Ramadhani aanze miezi minne kabla, na wasiomruhusu kusubiri waelezwe hivyo.

Klindamaisini ya 1% ya kupaka ni antibiotiki nzuri kwa vipele vyenye usaha, lakini haifai kutumiwa peke yake. Bakteria huizoea. Itumie pamoja na benzoili peroksaidi, na uiache vipele vikitulia. Ukinunua jeli iliyochanganya zote mbili, uliza kama inahitaji kuwekwa kwenye friji, baadhi huhitaji.

Asidi ya azelaiki, ya 15% au 20%, naipenda kwa ngozi zetu. Inatuliza vipele, inafifisha madoa meusi, na ni salama katika ujauzito. Huwasha kidogo siku za mwanzo. Faida yake kubwa ni kwamba inatibu chunusi na rozasia pia, kwa hiyo mtu ambaye bado hajui ana kipi, na aliye na vyote viwili, anaweza kuanzia hapa bila kujidhuru. Asidi ya salisiliki ya 2% ni msaidizi tu wa vichwa vyeusi.

Hatua ya 5: Ikiwa ni rozasia

Weka kando benzoili peroksaidi, adapalini na asidi ya salisiliki. Uso wa rozasia hauzihitaji na utalia.

Metronidazoli ya kupaka ya 0.75% hutumika asubuhi na usiku. Ndiyo ile ile dawa ambayo watu huimeza wakiwa na amiba, ila hapa ni jeli au krimu. Tembe zake usizisage na kuchanganya na losheni, kama wengine wanavyofanya.

Aivamektini ya 1% ni krimu ya mara moja kwa siku. Wakazi wa Jomvu watalikumbuka jina kutokana na kampeni ya matende ya mwaka 2018, ambapo ilimezwa pamoja na dawa nyingine mbili. Kwa rozasia hupakwa, na hufanya kazi kwa kutuliza uvimbe na kupunguza wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye vitundu vya uso wa kila mtu na kuzidi kwa mwenye rozasia. Huenda isiwepo kwenye rafu, ulizia mapema. Aivamektini ya mifugo kutoka duka la kilimo isiguse uso wako.

Asidi ya azelaiki ya 15% ni chaguo la tatu, na nimeshaieleza. Kuna pia jeli ya brimonidini ya 0.33% inayobana mishipa na kuondoa wekundu kwa saa kadhaa. Haiponyi, na kwa baadhi ya watu wekundu hurudi kwa kishindo ikiisha nguvu. Nisingeanza nayo.

Dawa hizi nazo zinataka wiki 8 hadi 12. Na hazifui dafu kama vichocheo vinaendelea kila siku. Andika kwa wiki tatu ulichokula, ulichokunywa na ulipokuwa kila uso ulipowaka. Si lazima uache kahawa. Kwa wengi tatizo ni umoto wake, kwa hiyo iache ipoe. Pilipili na achari hujaribiwa kimoja kimoja. Mpishi wa maandazi anayekaa juu ya karai la moto tangu alfajiri anahitaji feni na nafasi zaidi kuliko anavyohitaji krimu nyingine. Pombe ni kichocheo kinachojulikana sana.

Hatua ya 6: Dawa za kumeza, na daktari

Ukifika hapa usijinunulie. Chunusi zenye mafundo makubwa yanayouma, zinazoacha makovu au vilima vya ngozi kwenye taya na kifua, na zile ambazo hazikutii dawa za kupaka kwa wiki 12, zinahitaji daktari. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Hospitali Kuu ya Pwani ndiyo ya rufaa kwa eneo letu. Dawa ununue duka lenye cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu ukutani.

Doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, hutolewa kwa chunusi za wastani hadi kali, pamoja na benzoili peroksaidi ya kupaka, na kwa muda usiozidi miezi mitatu hivi. Kwa rozasia daktari anaweza kutoa dozi ndogo ya miligramu 40, inayotuliza uvimbe bila kuua bakteria. Imeze na gilasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa angalau nusu saa. Ikikwama kooni huchoma na kutoboa kidonda. Kwa anayefunga, imeze baada ya futari. Usiimeze na daku kisha ukajilaza. Usiimeze na chai ya maziwa, na tembe za madini ya chuma ziachane nayo kwa saa mbili au tatu. Hufanya ngozi iungue juani upesi, jambo zito kwa anayeshinda ufukweni au kwenye bodaboda. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 hawapewi.

Wanawake wenye chunusi za taya zinazofuata hedhi wanaweza kupewa spironolaktoni au vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili. Hili ni la kujadili na daktari, hasa kama una shinikizo la damu au unavuta sigara.

Isotretinoini ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote kwa chunusi kali. Hukadiriwa kwa uzito: mtu wa kilo 60 anaweza kuanza na miligramu 30 kwa siku, na kuendelea mpaka jumla ifike kama miligramu 7200, yaani miezi minane hivi. Midomo hukauka, macho pia. Damu hupimwa kuangalia ini na mafuta. Lakini jambo kubwa ni hili: humharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Mwanamke asiianze bila kipimo cha mimba, na ajikinge mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada. Hili lizungumzwe na msichana waziwazi, kwa faragha, bila kumdhania lolote. Usiishiriki na dada wala rafiki. Usitoe damu hadi mwezi upite baada ya kumaliza. Usiichanganye na doksisaiklini, kwa sababu mbili hizo zikiwa pamoja zaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ukiona una huzuni kuliko kawaida, mwambie daktari, na mwambie mtu wa nyumbani akuangalie.

Hatua ya 7: Kutunza dawa na kutunza matokeo

Dawa nyingi hizi zinataka joto lisilozidi nyuzi 25 au 30, na chumba cha Mombasa mwezi wa pili hupita hapo. Zitoe dirishani, zitoe kwenye gari na kwenye mkoba unaoshinda juani. Sanduku chini ya kitanda, mbali na jiko, linatosha kwa nyingi, soma boksi. Jeli iliyobadilika rangi au kujitenga maji itupe.

Uso ukisafika, usiache vyote siku moja. Kwa chunusi, maliza antibiotiki kwanza, kisha endelea na adapalini kwa miezi mingine, usiku mmoja ndiyo na mmoja hapana kama ngozi ni kavu. Kwa rozasia, shuka kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja, kisha siku kadhaa kwa wiki, na urudi dozi ya mwanzo joto la kaskazi linapoanza kama ndilo linalokuchokoza. Madoa meusi yaliyobaki si chunusi tena. Hufifia yenyewe kwa miezi, na haraka zaidi kwa asidi ya azelaiki na krimu ya jua ya kila asubuhi.